Daktari Ambaye Mama Hakumwona

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama mgonjwa anayepigwa picha hospitalini anamjua daktari anayeisoma picha hiyo. Kwetu Nachingwea jibu ni hapana, na sababu naiona katika usemi wetu wa kila siku: tunasema "watu wa eksirei", tukiwachanganya wataalamu wawili. Anayemweka mgonjwa sawa mbele ya mashine na kumwambia abane pumzi ni mtaalamu wa kupiga picha. Daktari wa radiolojia ni yule aliyesomea udaktari kwanza, kisha akabobea katika kusoma picha za eksirei, utrasaundi, siti skani na MRI, na mara nyingi hukaa chumba kingine, au hata mji mwingine akitumiwa picha kwa mtandao.

Mimi nilimfahamu daktari wa aina hiyo kwa ugonjwa wa mama yangu mzazi. Alikohoa wiki kadhaa, tukampeleka Mtwara, na picha ya kifua ikaonyesha doa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Nyumbani tulikwisha kuingiwa na hofu ya saratani, na habari ya kumchoma sindano ili kutoa kinyama cha kupima ilikwisha kutajwa. Kumbe katika karatasi ya majibu, ambayo nilikuwa nimeikunja pamoja na risiti bila kuisoma, daktari wa radiolojia alikuwa ameomba aletewe picha ya zamani kama ipo. Ilikuwepo: mama aliwahi kutibiwa kifua kikuu miaka mingi nyuma, na bahasha ya kaki ilikuwa bado juu ya kabati. Kaka akaituma kwa basi la alfajiri. Picha zilipolinganishwa, doa lilikuwa lile lile, halikukua wala kubadilika umbo. Daktari akaandika kuwa ni kovu la ugonjwa uliokwisha kupona, na habari ya sindano ikaishia hapo. Kikohozi chenyewe kilitibiwa kwa vidonge.

Siku ya radiolojia, tarehe 8 Novemba, inakumbusha ugunduzi wa miale ya eksirei uliofanywa na mwanafizikia Mjerumani, Röntgen, mwaka 1895, lakini maadhimisho pekee hayatamfikia mama wa kijijini. Naziomba hospitali ziandike jina na cheo cha msomaji wa picha kwa herufi zinazosomeka, na anayekabidhi bahasha aeleze kuwa karatasi iliyomo ni maoni ya daktari, itunzwe pamoja na picha. Nasi tumtajie anayejaza fomu ya kuomba picha kila ugonjwa tuliowahi kuugua, kwa kuwa daktari asiyemwona mgonjwa huitegemea sana fomu hiyo. Ya mama iliandikwa neno moja tu, kikohozi, kwa sababu kifua kikuu hatukukitaja.

Msomaji wenu,
Nachingwea, Lindi