Kuweka au kufungua: siga za 2015, wiski ya Port Ellen na chupa ya Port ya mwaka aliozaliwa binti

Mkuu, umesema una vitu vitatu: boksi la siga 25 za Kuba za Montecristo No. 2 lenye mhuri wa 2015, ambalo hujatoa hata moja. Chupa ya wiski ya Port Ellen uliyopewa zawadi. Na chupa ya Port, ule mvinyo mtamu wa Ureno ulioongezwa pombe kali, ya 2011, mwaka aliozaliwa binti yako. Unauliza uviweke au uvifaidi, kwa sababu vikiisha hutavipata tena. Nimetunza siga na chupa kwa miaka mingi, na swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Wengi huanza na bei, au na maneno kwamba maisha ni mafupi. Mimi huanza na kitu chenyewe. Je, bado kinaendelea kuwa kizuri zaidi? Kama ndiyo, kungoja kuna kazi yake. Kama kimesimama pale pale, au kimeanza kushuka, basi kuendelea kukiweka kunahitaji sababu nyingine, na sababu hiyo lazima uweze kuitaja: siku fulani, mtu fulani. "Siku maalumu" isiyo na jina haifiki. Vitu vyako vitatu vina majibu matatu tofauti.

Wiski ndiyo rahisi kuijibu. Hukomaa ndani ya pipa, na siku inapotiwa kwenye chupa kukomaa kunakoma. Iliyokaa pipani miaka 12 itabaki ya miaka 12 hata ikikaa kabatini kwako miaka 30. Mbao ndizo zinazoipa rangi na sehemu kubwa ya ladha, na ndizo zinazoiruhusu kupumua. Kule Uskoti pipa hupoteza takribani asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza. Kioo hakifanyi lolote kati ya hayo. Ushahidi ninaoupenda ni wa makreti ya wiski ya Mackinlay ambayo mvumbuzi Ernest Shackleton aliyaacha chini ya kibanda chake kule Cape Royds, Antaktika, katika safari yake ya 1907 hadi 1909. Kreti moja ilitolewa kwenye barafu mwaka 2010, na chupa chache zikapelekwa Uskoti kupimwa. Karne nzima ilikuwa imepita, na wiski ilikuwa bado nzima, ya kunyweka.

Kwa hiyo Port Ellen yako haina inachongoja. Kiwanda kile cha kisiwa cha Islay, Uskoti, kilifungwa 1983 na kikafunguliwa tena 2024, lakini hata cha sasa kikifanya kazi nzuri namna gani, wiski iliyotoka kwenye mitambo ile ya zamani haitatengenezwa tena. Uadimu wake ni wa kweli. Ila uadimu unakuambia tu kwamba usiifungue jioni yoyote ile na watu wowote wale; haukuambii usiifungue. Tena chupa isiyofunguliwa nayo haiko salama milele. Kizibo hukauka, wiski hupungua kidogo kidogo shingoni, na mwanga wa jua hupausha rangi na kuharibu harufu. Isimamishe wima, mahali penye giza na pasipo joto la kupanda na kushuka. Usiilaze kama mvinyo, maana pombe kali ikigusa kizibo kwa miaka hukila. Siku ya kuifungua uwe na kizibo kingine kizima mkononi, kwani vya zamani hukatikia shingoni hata ukivuta kwa upole.

Kuna jambo ambalo watu hawaliweki kwenye hesabu, nalo ni pua. Uwezo wa kunusa hupungua kadiri umri unavyokwenda, hasa baada ya miaka 60, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Mzee aliyenifundisha kukata siga alikuwa mtu wa nidhamu. Kila chupa nzuri iliyomfikia aliiweka kando hadi atakapostaafu, na akastaafu salama, na akaanza kuzifungua moja moja, nami nilikuwa miongoni mwa walioitwa. Wiski ya Islay ilipomiminwa, ule moshi wa peati, udongo wa mboji unaochomwa kukaushia shayiri, aliusikia. Vilivyokuwa nyuma ya moshi, nta, ganda la limau, ule uchumvi wa bahari, aliniuliza mimi. "Niambie humo kuna nini, mwanangu." Nikawa namtajia harufu moja baada ya nyingine, naye anarudi kwenye glasi kuitafuta. Mara nyingine aliipata, mara nyingine hakuipata. Furaha ya kuwa na watu wake mezani ilikuwa kamili na sitaki kumsemea majuto ambayo hakuyataja. Lakini kwangu jambo hili lina uzito kuliko bei yoyote: ile wiski ilikuwa imetunzwa vizuri kabisa, na pua iliyokusudiwa haikuweza tena kuifuata.

Ukishaifungua, imalize kwa mwendo unaoeleweka. Chupa iliyojaa zaidi ya nusu hukaa miezi mingi bila shida. Ikishuka chini ya theluthi, hewa inakuwa nyingi mno kuliko wiski, na harufu nyepesi za juu huanza kupotea. Hamishia iliyobaki kwenye vichupa vidogo vya kioo, ujaze hadi juu, ufunge barabara. Wapo wanaopulizia gesi ya agoni, nayo inasaidia, ila vichupa vidogo vinatosha. Nisichokipenda ni mtu anayefungua chupa kwa fahari kisha anaiacha na vidole viwili chini kwa miaka mitano kwa sababu anaogopa kuimaliza. Hapo amekosa vyote, kuihifadhi na kuinywa.

Kuhusu fedha, kwa kuwa lazima mtu atakuambia uiuze. Mnamo Novemba 2023 chupa ya wiski ya Macallan ya 1926 iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's jijini London kwa zaidi ya pauni milioni 2. Ilitoka kwenye pipa moja lililotoa chupa 40 tu, baada ya miaka 60 pipani. Habari kama hizo zimefanya watu wengi watazame kabati zao kama benki. Kununua kwa ajili ya kuuza ni biashara halali, ila ni biashara: inahitaji risiti, historia ya chupa, kiwango cha wiski shingoni, na ujasiri wa kuuza soko likiwa juu. Chupa yako ni zawadi na huna karatasi yake. Kwenye minada hilo ni tatizo kubwa, hasa baada ya kesi ya Rudy Kurniawan, aliyetiwa hatiani Marekani mwaka 2013 kwa kughushi mvinyo wa gharama kubwa na kuhukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka uliofuata. Kama hujawahi kufikiria kuiuza kabla ya kuona bei za mtandaoni, inywe na aliyekupa. Mwite huyo. Sidhani kama kuna siku bora kuliko hiyo.

Sasa siga, na hapa nitakaa kidogo.

Siga si kama wiski. Ni majani, na majani yanaendelea kubadilika ndani ya boksi. Siga mpya ya Kuba mara nyingi hutoa harufu ya amonia, mabaki ya uchachukaji wa tumbaku, na kwa miezi kadhaa inaweza kukuchoma koo na kukupa ladha ya chuma. Baadaye hutulia. Miaka ikipita ukali hupungua, utamu wa chini hujitokeza, na harufu huwa laini zaidi. Kisha, kama imewekwa mno, hufika mahali mafuta yanapungua na moshi unakuwa mwepesi hadi unajiuliza umelipia nini. Siga zenye nguvu kama Bolívar na Partagás huvumilia muda mrefu; zile nyepesi kama Hoyo de Monterrey mimi huzivuta mapema zaidi. Montecristo No. 2 iko katikati kuelekea nguvu. Ya 2015, kwa ulimi wangu, iko kwenye wakati mzuri sasa hivi, na ina miaka mingine mizuri mbele yake.

Hayo yote ni kama zimetunzwa. Kwa hiyo kabla hujaamua lolote, geuza boksi usome mhuri wa chini: utaona herufi za kiwanda, kisha mwezi kwa kifupi cha Kihispania, ENE kwa Januari, ABR kwa Aprili, DIC kwa Desemba, na mwaka. Kisha pima. Unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 16 hadi 20 hivi za Selsiasi. Usikiamini kipima unyevu kabla hujakijaribu: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko kidogo, iloweshe iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa hadi kesho yake. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, unajua kinapunguza tano, na hesabu zako zote unazirekebisha.

Joto ndilo adui mkubwa zaidi. Likipita nyuzi 24 au 25, mayai ya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, yanaweza kuanguliwa ndani ya siga, na utakachokiona ni matundu madogo ya mviringo na unga wa kahawia chini ya boksi. Mdudu mmoja akitoka, siga nyingine zote zilizo karibu ziko hatarini. Dawa yake ni kuzifunga kwenye mifuko miwili, kuziweka kwenye friza siku kadhaa, kisha kuzishusha kwenye friji ya kawaida siku nzima kabla ya kuzirudisha, ili jani la juu lisipasuke kwa mabadiliko ya ghafla. Kama boksi lako limekaa miaka yote hii kwenye kabati lenye joto, hakuna la kujadili kuhusu kuweka. Kagua, okoa zinazookoka, vuta.

Kama ziko sawa, boksi la 25 linakupa nafasi ambayo chupa haikupi: unaweza kuweka na kufaidi kwa pamoja. Vuta moja mwezi huu. Andika kwenye kadi ndani ya boksi tarehe na ulichokisikia, mistari mitatu inatosha. Baada ya hapo vuta moja kila robo ya mwaka. Ukiona mbili mfululizo zimekuwa bora kuliko zilizotangulia, punguza mwendo. Ukiona zimeanza kupungua, ongeza mwendo na ugawie marafiki. Mimi siweki boksi lolote bila kuvuta siga ya kwanza mapema, kwa sababu bila hiyo sina njia ya kujua kama muda unanisaidia au unaniibia. Mtu mwenye boksi lisiloguswa kwa miaka kumi anakisia tu.

Naelewa hofu ya kutopata tena. Kimbunga Ian kilipopita Pinar del Río mwezi Septemba 2022 kiliangusha maelfu ya mabanda ya kukaushia tumbaku, na tumbaku bora ya Kuba hutoka mkoa huohuo. Bei zimepanda, maboksi yamekuwa machache. Lakini 25 ni 25. Ukivuta nne kwa mwaka una zaidi ya miaka sita ya raha, na huko ni kuhifadhi kwa kutosha.

Vinywaji vingine nipite haraka. Mvinyo mwingi hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na kuuweka hakuugeuzi kuwa wa kifahari. Likya za krimu, zile pombe tamu zenye maziwa, zina mwisho wake, zinyweni. Shampeni ya kawaida isiyo na mwaka haihitaji kungoja arusi ya mtu yeyote.

Port ya 2011 ndiyo pekee ninayokuambia usiiguse. Kama kweli ni ya aina ya Vintage, maana neno hilo lazima liwe kwenye lebo, basi ilikaa pipani takribani miaka miwili tu, ikatiwa kwenye chupa bila kuchujwa, na kazi yake yote ya kukomaa inaifanyia humo ndani. Mwaka 2011 ulikuwa mzuri sana bonde la Douro, Ureno, inakotoka Port, na karibu nyumba zote kubwa za Port ziliutangaza kuwa mwaka wa Vintage. Chupa kama hizo huchukua miaka 20 au zaidi kufika mahali pake. Ilaze, tofauti na wiski, ili kizibo kisikauke, penye giza na ubaridi wa nyuzi 13 hivi. Lebo ikisema Tawny, mambo hubadilika: hiyo ilikomaa pipani na iko tayari tangu siku ilipotiwa kwenye chupa.

Binti atafikisha miaka 18 mwaka 2029, na hapo itakuwa bado kijana, yenye tanini, ule ukakasi wa mdomoni, na ladha nyingi ya matunda meusi. Itanyweka, ila akifikisha 25 itakuwa nzuri zaidi, na muulize yeye kwanza kama anakunywa. Asipokunywa, ni yako na mama yake. Siku mbili kabla isimamishe mashapo yashuke chini. Imimine polepole kwenye jagi la kioo huku ukiangalia shingo mbele ya mwanga, na usimame mashapo yanapokaribia. Waite watu sita au wanane, kwa sababu ikishafunguliwa ubora wake haudumu zaidi ya siku mbili tatu.