Jibu: Mbona Nairobi City Thunder walicheza Kigali na fainali ikawa Pretoria?

Ndugu yangu wa Malindi, hukukosa kitu, ratiba ya BAL 2025, ligi ya mpira wa kikapu ya vilabu vya Afrika, ndiyo ilivyokuwa. Timu 12 ziligawanywa makundi matatu ya nne nne: Kalahari kule Rabat, Sahara Dakar, na Nile Kigali. Kila timu mechi sita. Wawili wa juu wa kila kundi walipita, na kati ya walioshika nafasi ya tatu wakachukuliwa wawili wenye rekodi nzuri zaidi. Hao wanane ndio waliopanda ndege kwenda Pretoria.

Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kufika BAL, waliishia Kigali. Lakini usiwacheke. Kundini walikuwa na Al Ahli Tripoli, na hao Walibya ndio waliobeba kombe, wakiwachapa Petro de Luanda 88–67, tena Petro wakiwa mabingwa watetezi!

Fainali niliitazama kwenye simu hapa Lamu, barazani, watu watano tumebanana kwenye kioo kilichopasuka. Robo ya mwisho bando likakata, tukabaki kuangalia punda wakipita.