Mleta mada, achana na hicho kichaka, anza upande wa upepo

Mkuu, umeuliza uanze kufyeka wapi ili moto wa porini usikufikie, ukodi trekta au utumie vibarua, na uchome mwezi gani. Halafu unasema hela yako ni ya wiki moja na unataka kuimalizia kwenye kichaka cha nyuma kwa sababu "ndicho kizito". Usithubutu!

Nilifanya hivyohivyo Chamwino, mwezi wa saba. Nilikuwa na mizinga 40 ya nyuki. Jamaa aliyejiita mtaalamu akazunguka nusu saa, akanyoosha kidole kwenye kichaka cha magharibi: "Moto wako uko pale." Nikalipa vibarua siku tisa wakifyeke, matawi tukayaacha palepale. Upande wa mashariki zilikuwepo nyasi tu, za kiunoni, zimeshageuka rangi ya simba. Nikazidharau.

Upepo wa Dodoma mwezi wa tisa unaujua, unatoka mashariki kutwa nzima. Jirani akawa anachoma mabua, moto ukamponyoka, ukaingia kwenye zile nyasi. Nyasi kavu hazingoji kuwaka kama gogo, moto unazikimbilia. Na mizinga yangu ilikuwa mlimani. Moto ukipanda mlima unaongeza mwendo, maana ndimi zake zinakausha kilicho juu kabla haujakifikia. Asubuhi nikakuta nta imechuruzika kwenye shina la mgunga, imeganda na majivu. Juu yake waya wa mzinga unaning'inia mtupu. Mizinga 31 imekwenda.

Nikampigia yule jamaa. Eti "bahati mbaya". Bahati mbaya gani, wakati hakuuliza hata upepo unatoka wapi? Amekula hela ya mtu! Tena kile kichaka kilikuwa kibichi, na kivuli chake kilizuia nyasi zisiote chini. Tulipokifyeka jua likaingia, na mvua za Desemba ziliponyesha nyasi zikajaa pale pia. Hela yangu ndiyo iliyoziotesha.

Sasa nisikilize. Simama kwenye kile usichoweza kukipoteza, nyumba au ghala. Geuka upepo ukupige usoni. Huko unakotazama ndiko pa kufyeka, na kama kuna mteremko unaopanda kuja kwako, anza na huo. Parua mpaka udongo uonekane, ulichokata kiondoe. Ukiwa na hela ya ngwe kumi, zote kumi ziende huko.

Na usiwashe kiberiti bila kibali, Sheria ya Misitu ya 2002 inakubana.

Weka hapa picha ya upande wako wa mashariki. Ya kichaka nimeshaiona.