Najiandaa mpaka usiku wa manane na bado najihisi sikujiandaa, mshahara wangu halali?

SUALA: Asalam alaykum sheikh. Mimi nasomesha dini skuli moja huku Pemba, mwaka wangu wa kwanza. Andalio la somo naandika kila siku, nakesha nalo, lakini nikisimama mbele ya watoto naona kama nimekuja mikono mitupu. Juzi nasomesha najisi, mtoto wa mvuvi kaniuliza baba akirudi pwani nguo ina damu ya samaki asali nayo? Nikababaika. Sasa nahisi mshahara naula bure, si haramu huu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu. Mshahara wako halali, hilo tulimalize mapema. Umeajiriwa utoe muda wako na juhudi zako, umetoa, basi ujira umeuchuma. Wa kuogopa ni yule anaesaini asubuhi kisha akapotelea madukani, na hao wala hawaniulizi.

Hio khofu sasa. Andalio linakutengenezea utakalosema wewe, atakalowaza mtoto linajua Mungu tu, na wewe unataka ulijue tangu usiku. Imam Malik, imamu wa Madina, imepokewa kaulizwa masuala 48 akasema sijui kwenye 32, na watu walikua wanasafiri safari ndefu kumfata. Hata hio damu ya samaki wanavyuoni wamekhitalifiana, Mahanafi, wanaofata madhehebu ya Imam Abu Hanifa, wanaiona safi, sisi Mashafi, tunaomfata Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni najisi ila ikiwa kidogo inasamehewa, yani mtoto kakutega pale pale walipogawana maimamu halafu we unataka ujibu papo kwa papo! Mwambie ntakuletea kesho, na kesho kweli upeleke, maana ukiahidi ukanyamaza hapo ndo umeharibu.

Ila jichunguze. Ikiwa unaogopa usije ukawapoteza watoto, khofu njema hio, ibakie. Ikiwa unaogopa kuonekana hujui, hapo riya, yani kutaka sifa za watu, inapiga hodi na dawa yake si kukesha. Na kukesha kwenyewe kukikupitisha sala ya alfajiri mimi sikupi ruhusa, funga kitabu ulale. Tena punguza mambo. Ibn Masud, sahaba wa Mtume, alikua akiwawaidhi watu kila Alkhamis, mtu akamwambia tungependa kila siku, akajibu anachelea kuwachosha. We kipindi kimoja ukikijaza mambo saba, mtoto atauliza saa ngapi?

Halafu wengi mnaisoma dua ya Nabii Musa, Rabbi shrah li sadri (Mola wangu nikunjulie kifua changu), mkifika yafqahu qauli (wafahamu kauli yangu) mnaishia hapo. Endelea mbele, Surat Taha aya ya 29, kaomba na msaidizi, nduguye Harun. Musa huyo ni mtume, kasemezwa na Mola wake pale pale, na bado kataka mtu wa kumtia nguvu. Sasa hapo skuli kwenu hakosekani maalim mkongwe, muombe aje akae nyuma ya darasa kipindi kimoja akusikilize, na siku nyengine wewe ukae kwake. Wallahu aalam.