Printa ya ofisi ina "bandari" au ina mlango?

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Nafanya kazi katika ofisi inayotoa mizigo ya wateja bandarini, hapa Mombasa. Tumeletewa printa moja kubwa ya mtandao, tutumie watu wote kumi na wawili. Mkubwa wetu akanipa kazi ya kuandika maelezo kwa Kiswahili yabandikwe ukutani. Nilitafsiri kutoka kwenye kijitabu cha mashine, lakini wenzangu wananibishia. Nimeandika hivi: "Printa hii imeshirikiwa. Hakikisha dereva amesakinishwa. Bandari 9100 ikiwa imefungwa, hati haitachapishwa. Ukikosea, futa kazi yako." Nimekosea wapi? Na neno sahihi ni printa au kichapishi?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na bandari, maana hapo ndipo kosa lilipo kubwa.

Jioni moja niliichukua sentensi yako hadi kwa muuza kahawa Mji wa Kale, nikawasomea wazee walioketi barazani: "Bandari ikiwa imefungwa, hati haitachapishwa." Mmoja, aliyewahi kuwa kuli kwa miaka mingi, akaweka kikombe chini akaniuliza: "Imefungwa tangu lini? Kuna mgomo?" Mzee alisoma Kiswahili kama kilivyo. Kwa mtu wa Mombasa bandari ni Kilindini, mahali penye kilindi cha kupokea meli kubwa. Neno lenyewe tulilipokea kutoka kwa Waajemi.

Kilichokupotosha ni Kiingereza. Neno lao "port" limekusanya maneno mawili ya Kilatini: portus, yaani bandari, na porta, yaani lango. Mafundi wa kompyuta wanakusudia hilo la pili. Printa iliyo kwenye mtandao ina anwani, tuseme 192.168.1.50, na anwani hiyo ni kama nyumba. Nyumba moja huwa na milango kadhaa: wa mbele wa kupokea wageni, wa uani wa watu wa ndani. Printa nyingi za ofisi hupokea hati kupitia mlango nambari 9100. Mlango 631 ni wa utaratibu mpya zaidi, ambao kompyuta na printa huulizana hali: karatasi zipo, wino upo, umemaliza? Mlango 515 ni wa utaratibu wa zamani ambao mashine nyingi bado zinauelewa. Ukifungwa mlango ambao kompyuta yako imeelekezwa kuutumia, hati inaifikia nyumba na kukuta komeo. Vitenzi navyo vinakuja vyenyewe, maana mlango hufungwa na kufunguliwa kila siku. Hata bahari inao: pale pembamba, kati ya nchi kavu na nchi kavu, wanapopita mabaharia, tumepaita mlango wa bahari tangu zamani.

Basi kabla ya kuchagua neno, jiulize kitu hicho kinafanya nini, kisha jiulize atakayelisoma ana maana gani kichwani tayari. Neno linaweza kuwa sahihi katika kamusi likawa kosa ukutani mwa ofisi yenu.

Kwa kipimo hicho, sentensi yako ya mwisho inanitia hofu kuliko zote. "Futa kazi yako." Mfikirie kijana aliyeajiriwa juzi, bado yuko kwenye majaribio, anabonyeza kitufe na skrini inamwandikia: "Kazi yako imefutwa." Kenya nzima kufutwa kazi ni kuachishwa. Wapiga chapa nao huita kila wanacholetewa na mteja "kazi", na katika karakana yao neno hilo halileti shida. Kompyuta zimelichukua vivyo hivyo. Lakini likikutana na kufuta, linaumiza. Kilichomo ndani ya printa ni hati, kwa hiyo mwambie mtu aondoe hati yake kwenye foleni.

Foleni lishike bila wasiwasi. Anayevuka na feri ya Likoni kila asubuhi hahitaji kufundishwa maana yake, na mambo ya printa ndiyo hayo hayo: aliyetangulia hutangulia, na hati ya kurasa mia mbili ikikwama mbele, humzuia hata mwenye ukurasa mmoja nyuma yake.

"Imeshirikiwa" nalo litoe. Mtu hushiriki katika jambo: harusi, maziko, maulidi. Printa haishiriki wala haishirikiwi. Ni kitu kimoja kinachotumiwa na wengi. Pwani tuna msemo wa kitu cha shirika, kama shamba la shirika au jahazi la shirika, na mimi natamani tungeuendeleza, kwa sababu unabeba maana hii barabara. Ila leo "printa ya shirika" itasomwa kuwa ni mali ya kampuni. Andika "printa ya wote", itaeleweka.

Dereva nadhani umeshamwona mwenyewe: ofisi yenu inapigia simu madereva wa malori kutwa kucha. Programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa ya aina fulani iite kiendeshi. Kusakinisha liache, ni neno zuri, limetoka kwenye sakini, kukaa mahali, na programu kweli hukaa.

Kuna neno hukuliuliza, lakini limo kwenye barua yako, nalo ni mtandao. Nimewahi kuona watu wa ofisi moja wakikaa nusu siku bila kuchapa kitu, wateja wamesimama mlangoni, kwa kuwa waliambiwa asubuhi kwamba "mtandao hakuna". Iliyokatika ilikuwa intaneti. Mtandao wa ofisi, yaani nyaya na kile kisanduku cha ruta kinachounganisha kompyuta zao, ulikuwa mzima, na hati inayotoka meza hii kwenda printa ile ya pembeni haihitaji kutoka nje ya jengo. Tumeliacha neno moja libebe vitu viwili, na watu wanapoteza kazi za siku kwa sababu hiyo. Andika "mtandao wa ofisi" ukikusudia wa ndani, na "intaneti" ukikusudia ule wa dunia.

Sasa printa au kichapishi. Yote mawili ni Kiswahili. Kichapishi utalikuta kwenye vitabu vya shule, na mwanafunzi alijue. Kwenye tangazo lenu andika printa, ndilo wanalolisema wenzako, na lina ngeli yake bila taabu: printa hii, printa hizi. Ninapokuwa mkali ni kwenye kitenzi. Chapa ni neno lenye asili ya Kihindi lililovuka bahari, na ndilo linalohusu kutia maandishi kwenye karatasi. Chapisha tumelizoea zaidi kwa kutoa kitabu au gazeti kwa umma. Mkubwa wako akiandika "usichapishe hati za wateja", je, anakataza wino au anakataza kuzitangaza? Kwa ofisi inayoshika nyaraka za forodha, hilo si la kuachia msomaji akisie. Sema "hati haitachapwa", au ukiona linakumbusha kiboko, "hati haitatoka".

Na kama printa yenu ni ya leza, usiandike popote kwamba wino umekauka. Ndani ya katriji yake mna unga mkavu, unaoyeyushwa kwa joto ukagandana na karatasi. Tona, ndivyo wanavyoiita wanaozijaza, na unga huo huisha, haukauki.

Tangazo lako mimi ningeliandika hivi, ukiweka anwani yenu mahali pa hii ya mfano: "Printa hii ni ya wote. Hakikisha kompyuta yako ina kiendeshi chake. Anwani ni 192.168.1.50, mlango 9100. Mlango ukiwa umefungwa, hati haitatoka, mwite fundi. Ukikosea, ondoa hati yako kwenye foleni kabla zamu yake haijafika. Intaneti ikikatika, endelea kuchapa."