Zawadi za sikukuu katika ukoo mkubwa: nani ampe nani?

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa katika familia ya ndugu wanane. Sikukuu tukikutana kwa mama mkwe tunakuwa watu wazima 24, bila kumhesabu yeye, na watoto 14, na kila mtu hutarajiwa kumletea kila mtu chochote. Wifi yangu mdogo hana mtoto. Huja na mfuko wa zawadi za watoto wote na kuondoka na kitambaa kimoja. Shemeji mmoja mwenye uwezo hugawa simu, sisi wengine tunaficha vifurushi vyetu nyuma ya kochi. Mwingine aliachishwa kazi, na tangu hapo kila sikukuu ikikaribia anapata safari. Mwaka huu nimeambiwa nipange mimi. Nataka haki itendeke, lakini sitaki ionekane mkaza mwana amekuja kuvuruga mambo ya watu. Nianzie wapi?*

*Mkaza Mwana wa Tano*

Marahaba, mwanangu. Anza na hesabu ambayo hakuna aliyetaka kuifanya. Watu wazima 24, kila mmoja akimpa kila mwenzake, ni zawadi 552, na watoto bado hatujawagusa. Atakayekuambia kutoa ni moyo si utajiri, mkubalie, kisha mwonyeshe namba hiyo. Methali ile, nimeona, hupendwa sana na watu waliokuja na buti la gari limejaa.

Pigeni kura ya majina. Kila mtu mzima anaokota jina moja, anatoa zawadi moja, anapokea moja: 552 zimekuwa 24. Hilo wengi mnalijua. Ila ugomvi ninaousoma kwenye barua zenu hauzuki kwenye kuokota majina, unazuka kwenye kiasi, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kiasi kisitajwe na mtu mbele za watu. Mwenye nacho atataja chake, wengine wataitikia kwa aibu, na aliyeachishwa kazi atapata safari nyingine. Gawa vipande vya karatasi vinavyofanana. Kila mtu aandike, bila jina, fedha anayoweza kutoa bila kukopa na bila kugusa ada wala kodi ya nyumba. Akunje, atie kwenye chombo. Kisha uchukue kiasi cha chini kuliko vyote, ndicho kiwe kikomo cha kila mmoja. Usichukue wastani! Watu 23 wakiandika 10 na mmoja akaandika 250, wastani unakuwa 20, yaani umewatwisha watu 23 mara mbili ya uwezo wao kwa sababu ya mtu mmoja. Na ukikuta karatasi imeandikwa sifuri, usiulize ya nani. Tangaza kwamba mwaka huu hakuna kununua: zawadi iwe kitu ulichotengeneza kwa mkono, kitu chako kizuri unachokiachia, au kazi utakayomfanyia mwenzako, kama kumshonea, kumrekebishia paa au kumkalia watoto siku nzima. Wote kwa kanuni hiyohiyo, akiwemo shemeji wa simu.

Huyo naye asionewe. Kuwa na fedha si kosa. Lakini kikomo ni kikomo, na kukivuka ni kuvunja kanuni sawasawa na kuja mikono mitupu. Amtafute mama yao amtengenezee nyumba, au alipie usafiri wa wanaotoka mbali. Vitu hivyo havifunguliwi mbele ya ndugu mmoja mmoja ili vipimwe kwa macho.

Jambo la pili hukuliuliza, nami naliingiza kwa nguvu: kazi ya kununua. Katika familia nyingi mume anaokota jina, mke ndiye anayezunguka madukani, anafunga, anaandika kadi, na mume anapokea shukrani. Ukiacha hivyo, mnaogawana hayo majina 24 mtakuwa wake na mabinti tu. Weka kanuni: aliyeokota jina ndiye anayetafuta zawadi. Mawifi zako watakupenda kwa hili moja kuliko mengine yote.

Watoto wawe na chombo chao. Mzazi mwenye watoto watano anatia majina matano na kuokota matano ya watoto wengine. Mwenye mmoja, moja. Wifi yako mdogo haokoti lolote. Utasikia manung'uniko kutoka nyumba yenye watoto wengi kwamba wanabebeshwa. Waambie wanapokea zawadi tano pia, na kwamba miaka yote hii mzigo huo aliubeba mtu ambaye hakupokea hata moja kwa upande huo. Shangazi mtu akitaka kumfurahisha mtoto wa kaka yake, siku nyingine za mwaka zipo. Kuhusu nani ni mtoto, msibishane umri: akianza kujipatia kipato chake anahamia chombo cha wakubwa.

Mama mkwe mtoeni kwenye kura, mmpe zawadi moja ya wote, kila mtu akitia mchango wake katika bahasha isiyo na jina. Ila aulizwe kwanza. Wapo wazee wanaopenda sana kuokota karatasi.

Sasa kura yenyewe. Msishangae mtu akiokota jina lake. Kwa kundi la ukubwa wenu, uwezekano wa angalau mmoja kujiokota ni karibu asilimia 63, na kuongeza watu hakuupunguzi. Mfaransa Pierre Rémond de Montmort aliandika kuhusu fumbo la aina hii mwaka 1708, akitokea kwenye mchezo wa karata, kwa hiyo si mkosi wa ukoo wenu. Likitokea, rudisheni karatasi zote muanze upya, kwa sababu kubadilishana na jirani kunavujisha siri papo hapo. Kwa wastani mtarudia hadi mzunguko wa tatu hivi.

Mimi binafsi siipendi njia hiyo, maana haizuii mume kumwokota mkewe, na mwaka ujao unaweza kumpata mtu yuleyule. Napendelea duara. Mtu mmoja anayetunza siri anaandika majina yote 24 kwa kuzunguka, kila mtu akitazamana na mwenzi wake upande wa pili kabisa, yaani hatua 12 kutoka kwake. Mwaka wa kwanza kila mtu anampa aliye hatua moja mbele, mwaka wa pili hatua mbili, na kuendelea. Kila mtu ananong'onezwa jina la atakayempa tu. Kwa mpango huo hakuna anayejipa mwenyewe, hakuna anayerudia mtu, na miaka 11 itapita kabla mume na mke hawajakutana. Wasio na wenzi watazamane wao kwa wao. Mtu akijitoa katikati, aliyepaswa kumpa yeye anampa yule ambaye yeye angempa, basi, hakuna kura ya kurudia.

Kila mmoja aandike pia vitu vitatu anavyovihitaji, vyote ndani ya kikomo. Najua kuna watakaosema hilo linaua mshangao. Mwaka 1993 mchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, alitoa matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu thamani ya zawadi walizopewa machoni pao, akakadiria kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya fedha iliyotumika ilipotea, kwa kuwa mpokeaji hakukithamini kitu kwa bei iliyolipwa. Na waliotoa vitu visivyolingana na mpokeaji zaidi walikuwa babu, bibi, wajomba na mashangazi. Nimeisoma hiyo sehemu nikanyamaza.

Mwisho ni namna ya kuyafikisha, na hapa uwe mjanja. Usiyatangaze wewe. Yapeleke kwa wifi mkubwa, mketi wawili, umwombe akurekebishie. Atabadilisha kitu kimoja au viwili, mwachie. Yakitoka kinywani mwake ni ya nyumba hiyo. Yakitoka kwako ni ya mgeni. Shemeji wa simu aambiwe na kaka anayemsikiliza, ana kwa ana, kabla hamjaandika neno kwenye kundi la familia, asije akadhani kanuni zimetungwa kumsema yeye.

Na yule wa safari, msimtume mtu kumbembeleza wala kumhoji. Apelekewe kipande cha karatasi cha kuandika kiasi kama wengine wote, siku ileile na wengine wote.

*Shangazi*