Jibu: Simu ya intaneti kwa shamba la kahawa la Marangu

Ndugu, umeuliza kama shamba lenu la Marangu, linalopokea watalii na kuwauzia kahawa iliyokaangwa bila dalali, lihamie simu ya intaneti, yaani simu inayopitisha sauti kwenye mtandao wa intaneti badala ya laini ya simu. Naona linafaa, ila pimeni kwanza mtandao wenyewe.

Mazungumzo ya simu moja ya intaneti hula takriban kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, hivyo kasi haisumbui sana. Kinachoharibu mazungumzo ni ucheleweshaji, kwani sauti ikichukua zaidi ya milisekunde 150 kufika, watu huanza kukatizana maneno. Pimeni jioni, wageni wanapotuma picha za maporomoko ya maji kwa pamoja, kisha mwambieni fundi aipange ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, itangulize sauti.

Faida ninayoithamini zaidi ni kwamba nambari moja ya shamba huweza kuita kwa wakati mmoja ofisini, kwenye banda la kukaangia na mfukoni mwa kijana anayetembeza wageni kihambani (kwenye shamba la nyumbani la Wachagga), na anayewahi ndiye anayepokea. Mteja wa New York akipiga saa mbili usiku kwake, kwenu ni saa tisa au saa kumi usiku. Kwa hiyo, kwa saa ambazo hamtapokea, rekodini salamu inayotaja bei, siku za ziara na njia ya kuacha ujumbe, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Umeme ukikatika, ruta huzimika na simu hufa nayo, kwa hiyo betri ya akiba ni ya lazima. Laini yenu ya kawaida msiitupe: kupokea pesa kwa simu ya mkononi kutahitaji laini hiyo, na dharura pia.